Kipimo cha Moto cha Fundi Luvanda

Moto hupimwa jikoni, haupimwi mlangoni. Jana mlimsikia katibu wa kamati ya maji akiambiwa hivyo mkutanoni, aliposema mabomba yote ya kijiji yanatoa maji kwa kuwa tangi limejaa. Wazee walicheka, ninyi mkabaki kutazamana. Leo mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Hamkukosea mlango, maana yaliposemwa mara ya kwanza nilikuwapo, na sehemu yake ilikuwa yangu.

Ilikuwa hivi. Kijiji chetu kiko bondeni, hospitali iko juu, na katikati kuna mlima Ihanga, kilomita kumi na moja za kupanda tu. Miaka ile tulikuwa na gari moja, foo-wili ya dizeli yenye tabo, ambayo kila kaya ilichangia viazi mpaka ikanunuliwa. Dereva nilikuwa mimi. Lilibeba viazi siku za soko, na wagonjwa siku yoyote.

Tabo ni kitu kizuri, lakini kina tabia zake. Huzungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa, ndipo gari linapata nguvu. Ukikanyaga mafuta mfululizo mlimani na mzigo mzito, moshi ule unakuwa moto wa kuyeyusha chuma. Mwaka wa kwanza niliunguza pistoni kwa njia hiyo, tukakaa miezi minne bila gari. Tangu hapo nikajiwekea desturi: kila nikipanda Ihanga nasimama mara tatu, naiacha injini iungurume taratibu hadi ipoe, kisha naendelea. Abiria walinung'unika. Waliniita Mzee Kituo, na wakati huo sikuwa na mvi hata moja.

Kamati ikachoshwa na malalamiko, ikaagiza kipimo cha joto la moshi. Ni kitu kidogo: kijiti cha chuma kinachoingizwa kwenye njia ya moshi, waya, na saa yenye mshale wa kuonyesha joto, ya kuweka mbele ya dereva. Karatasi iliyokuja nacho ilisema mshale usipite nyuzi mia saba. Kamati ikaamua kwamba kikishafungwa, habari ya kusimama mlimani iishe. Dereva afuate mshale.

Fundi wetu, Luvanda, alikuwa fundi kweli, wala simpambi. Kijiti kilitakiwa kiingie kwenye manifodi, kile chuma kinachokusanya moshi mara tu unapotoka kwenye injini, kabla haujafika kwenye tabo. Kutoboa pale kulitaka manifodi ifunguliwe kwanza, maana chenga za chuma zikidondokea ndani zinakwenda kuharibu feni ya tabo. Nayo nati zake zilikuwa zimeshikwa na kutu.

"Siku tatu," alisema Luvanda. "Na nati zikikatika, wiki nzima."

Soko lilikuwa kesho kutwa. Tulisimama pale tukikuna vichwa, kisha Luvanda akagonga bomba lililo nyuma ya tabo, bomba jembamba, rahisi kutoboa.

"Tukiweka hapa?"

"Hakuna tofauti?" nikamuuliza.

"Moshi ni ule ule, Tweve. Unapita kule, unatokea huku."

Iliniingia akilini, au tuseme nilitaka iniingie. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia taa wakati anatoboa. Jioni ile saa ilikuwa mbele yangu inang'aa, na watu wakaja kuitazama kama bibi harusi.

Mwezi mzima nilipanda Ihanga bila kusimama. Mshale haukuwahi kuvuka mia tano na hamsini, hata nikiwa na magunia kumi ya viazi. Nikaona kwamba miaka yote ile nilikuwa mwoga bure.

Ndipo Enesia wa hapa kijijini akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema apelekwe hospitali upesi. Tukamlaza nyuma, mumewe na mkunga pembeni yake. Mama yake, Mama Ndelwa, akakaa mbele, kushoto kwangu, miguu ikigusa bati linalotenga injini na abiria. Tabo ilikuwa upande huo huo, ng'ambo ya bati.

Tulipopita kona ya pili alikunja miguu akaipandisha kitini.

"Mwanangu Tweve, bati hili linaunguza."

"Ni mlima, mama. Injini inafanya kazi."

"Nimekaa hapa mara nyingi. Haijawahi kuwa hivi."

Nikamwonyesha saa. "Tazama mwenyewe. Mia tano na hamsini, na mpaka wake ni mia saba. Gari halina neno."

Aliitazama, akagusa bati kwa kiganja, akakiondoa haraka. "Hiyo mimi sijui kuisoma," alisema. "Lakini simama kidogo, mwanangu. Zamani ulikuwa unasimama."

Nyuma Enesia alilia. Nikaona kusimama ni kumchelewesha. Nikakanyaga mafuta.

Hatukuifikia kona ya nne. Ulisikika mlio wa chuma, moshi ukatanda, gari likazima. Pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka vichwa. Tulikata miti tukatengeneza machela kwa mablanketi, tukambeba Enesia kilomita saba. Enesia alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Nawaambia bila kuzunguka kwa sababu sijapata njia nyingine ya kulisema jambo hili, na bado linaniuma.

Baada ya matanga kamati iliitisha mkutano. Luvanda alisimama, akasema kweli yake yote. Moshi ukipita kwenye tabo huacha joto jingi humo, kwa hiyo saa iliposoma mia tano na hamsini, kule mbele huenda joto lilikuwa karibu mia nane. Alijua kuna tofauti. Alitumaini ni ndogo.

Mama Ndelwa akainua mkono.

"Fundi, moto wenyewe unawaka wapi?"

"Ndani ya injini, mama."

"Na kipimo uliweka wapi?"

"Nyuma. Unakotokea."

"Mimi nimepika miaka arobaini. Nikitaka kujua kama maharage yanaungua, nafunua chungu. Siendi kusimama mlangoni ninuse upepo." "Moto hupimwa jikoni, fundi. Haupimwi mlangoni."

Luvanda alijifuta macho, akakaa. Mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi nikijua lawama imeshapata mwenyewe. Ndipo Mama Ndelwa akanigeukia.

"Na wewe, Tweve. Mimi nilikuwa jikoni. Moto ulikuwa miguuni pangu, nami nikakwambia. Wewe ukanionyesha saa."

Injini nyingine ilipopatikana, Luvanda aliifungua manifodi, akakitia kijiti mahali pake. Nati tano zilikatika, kazi ikachukua siku tisa, na hakuna aliyemharakisha. Nami nikarudi kusimama mara tatu, na aliyekaa kushoto kwangu nilimuuliza miguu yake inasikiaje. Kwa hiyo mtu akiwaambia tangi limejaa, msibishane naye. Nendeni kwa mama mwenye ndoo tupu, mkamwamini. Moto hupimwa jikoni, haupimwi mlangoni.