Mnadani Hakuna Mlango

Mnadani hakuna mlango. Mmeambiwa maneno hayo leo na mzee mmoja mlipokuwa mkiizunguka ile mashine ya msumeno kule Makambako, mkadhani anawatukana. Hakuwatukana. Lusia, mjukuu wangu, wewe na mwenzako mnataka kufungua karakana, na mashine mliyoiona ni nzuri, sina ubishi. Lakini mkiniuliza maneno hayo yametoka wapi, siwezi kuwaambia ni ya wahenga, kwa sababu nilikuwapo yaliposemwa kwa mara ya kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Miaka hiyo nilikuwa dalali wa minada hapa Mafinga. Kiwanda kikifilisika, nyundo niliigonga mimi. Watu walisema ninakula kwenye misiba ya wenzangu, nami sikubishana nao, maana hata mchimba kaburi ana watoto. Nilikuwa pia na lori, bovubovu lakini linatembea. Aliyenunua kwangu asubuhi, mchana alinikodi mimi huyohuyo nimpelekee mzigo wake.

Palikuwa na fundi seremala anaitwa Fokas Chengula. Alifanya kazi na dada yake, Kandida, aliyemzidi umri. Karakana ilikuwa yao wote wawili, waliachiwa na baba yao. Fokas alipasua mbao na kuunga, Kandida alipiga msasa na vanishi, tena ndiye aliyezungumza na wateja, kwa sababu Fokas akizungumza na mteja dakika mbili, mteja anaondoka amenuna.

Karakana hiyo ilibanwa kati ya duka la mbolea na mashine ya kusaga, na kwa nyuma ilipakana na ukuta wa jirani. Pa kuingilia palikuwa mahali pamoja tu, kwenye mlango wa mbele. Mlango wenyewe aliutengeneza baba yao kwa mninga, bila msumari hata mmoja. Kila upande wake kulisimama ubao mpana, toka chini hadi juu, umelainishwa kwa randa ya mkono mpaka unang'aa. Wapita njia walisimama kuugusa.

Mzee Chengula alitengeneza vitu vingi maishani, lakini vyote vilikwenda kwa watu. Kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwake alilala kitanda cha chuma. Alipofariki, kazi pekee ya mikono yake iliyobaki kwa wanawe ilikuwa ule mlango. Ndani kulikuwa na benchi kubwa la kazi, lakini hilo hakulitengeneza yeye, alilinunua misheni. Lilikuwa pana kiasi kwamba watu wanne walilifanyia kazi bila kugusana viwiko.

Basi kiwanda kimoja cha mbao nje ya mji kikafungwa, nikaitwa kuuza vyombo vyake. Kati yake kulikuwa na mashine ya randa, ile ambayo ubao unaingia una mabaka na vibanzi, unatoka laini. Fokas aliitamani mashine ya namna hiyo tangu ujana wake. Alikuja mapema, kabla hata mimi sijafika.

Wala msimdhanie mjinga. Aliinusa mota kujua kama imewahi kuungua. Alizungusha mhimili kwa mkono, sikio karibu na beringi, asikie kama zinakwaruza. Alipitisha ukucha kwenye chuma akitafuta ufa uliochomelewa na kufichwa kwa rangi. Mwisho akatoa futi mfukoni, akapima mdomo wa mashine ajue utameza ubao wa upana gani. Akaridhika, akairudisha futi mfukoni.

Walikuwapo watu wengine wenye uwezo kumzidi. Wao waliizunguka mashine, wakaipima kwa hatua toka upande huu mpaka ule, wakatazamana, kisha wakaenda kwenye vitu vidogo. Fokas aliwacheka. "Wanapima chuma kwa miguu utadhani shamba la viazi," aliniambia.

Nilianzia bei ya chini nikitegemea watapandisha. Hakuna aliyepandisha. Niliita mara ya kwanza, mara ya pili, nikakohoa kidogo kuwapa nafasi, mara ya tatu nikagonga. Fokas alipata mashine kwa bei ya baiskeli, na alifurahi kama mtu aliyeokota. Pale uwanjani, nyuma yetu msitu wa misindano na juu mbingu tupu, mashine ilionekana kitu cha wastani tu.

Tuliipakia kwa shida, tukaiteremsha mbele ya karakana kwa shida zaidi, vijana wakiisukuma juu ya magogo. Ilipofika mlangoni, ikakwama. Waliirudisha nyuma, wakaielekeza upya, ikakwama tena. Fokas alitoa ile futi yake akaupima mlango wa karakana aliyokulia ndani yake. Ulipungua kiganja na nusu.

Alifungua kila bolti iliyofunguka, akatoa meza, akatoa mota akaiweka juu ya gunia. Kiwiliwili kilichobaki kilikuwa chuma cha kipande kimoja, na bado kilizidi mlango kwa kiganja na nusu. Watu waliacha madebe yao ya mahindi kwenye mashine ya kusaga wakaja kutazama. Mwenye duka la mbolea alishauri kilazwe ubavu.

"Kikilala hiki, hakiamki," Fokas alimjibu.

Ilikuwa Novemba. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya misindano, na upepo ulianza kunuka mvua. Fokas aliitazama mota iliyokaa kwenye gunia, akautazama mlango.

"Nitavunja," alisema.

"Utavunja nini?" Kandida aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Mbao hizi za pembeni, na matofali yaliyo nyuma yake. Nitajenga upya."

"Foka, huo ni mkono wa baba."

"Baba mwenyewe angeinunua mashine hii, dada."

"Angeinunua, sijakataa. Ninachosema, tuifunike turubai. Mota tuiingize ndani, hiyo inapita. Kesho asubuhi niende Ifwagi kwa mama, nimuulize kitu kimoja."

"Kitu gani cha kumuuliza mama kuhusu mashine?"

"Si mashine. Benchi. Baba alilileta kwa mkokoteni kutoka misheni. Nilikuwa mdogo, lakini mkokoteni ule naukumbuka, nilipanda juu yake. Benchi ni pana kuliko mlango. Liliingiaje?"

Sote tuligeuka kulitazama benchi. Nilikwisha kulikalia mara nyingi nikinywa chai ya Kandida, na sikuwahi kujiuliza. Fokas naye alilitazama, na kwa kitambo niliona swali limemwingia. Kisha radi ikapiga upande wa msituni, na watu wote wale walikuwa wamesimama wakimsubiri.

"Waliliingiza vipande vipande," alisema. "Chuma kikilala kwenye mvua, kesho nina kutu. Sogea, dada."

Kandida alisogea. Aliingiza mikono ndani ya kitenge chake akasimama karibu na lori langu.

Fokas alichukua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akapima kwa macho, akapiga ubao wa kushoto kwa nguvu ya mtu anayetegemea kukuta tofali. Nyundo haikukuta tofali. Ubao ulipasuka toka juu hadi chini na nyundo ikazama ndani, na mwanga wa nje ukaingia ukaanguka juu ya benchi. Hakukuwa na ukuta pale. Hakukuwa na kitu nyuma ya ule ubao ila mbao walizokuwa wakiziegemeza hapo tangu wakiwa watoto, ambazo nyundo ilikuwa imeziangusha.

Kitu kidogo kilidondoka kwenye kizingiti. Fokas aliinama akakiokota. Ilikuwa kabari ya mti mgumu, imechongwa kwa uangalifu, imepakwa nta ichomoke bila kusumbua.

Aliweka nyundo chini, akaenda upande wa kulia, ambao haukuguswa. Alitafuta kwa vidole mpaka akapata ukanda mwembamba wa mninga kwenye ukingo, akaubandua kwa patasi. Chini yake kabari zilikuwa zimejipanga. Alizigonga kidogo tu, moja baada ya nyingine, na ubao mzima ukatoka kwenye mfuo wake kama droo ya kabati. Mzee Chengula alikuwa amejenga mlango unaojua kupanuka, ili chombo kikubwa kikija, kipite.

Mashine iliingia kabla ya mvua. Ilipita upande wa kulia, na nafasi ikabaki. Upande wa kushoto, ule uliovunjwa, haukuhitajika hata kidogo.

Vijana walichukua ujira wao wakaondoka. Fokas aliketi kwenye benchi, vipande viwili vya ubao wa baba yake mapajani, akalia mbele yetu bila kujificha. Nilimhurumia, na mimi si mtu wa kuhurumia wanunuzi.

"Nilipima kila kitu," alisema. "Nilipima mota, nilipima beringi, nilipima mdomo. Kila kitu."

Kandida aliketi kando yake akakichukua kipande kimoja. "Ulipima vya mnadani," alimwambia. "Mnadani hakuna mlango, Foka. Mlango ulikuwa hapa."

Alisema polepole, bila hasira. Lakini mwenye duka la mbolea alikuwa bado amesimama kibarazani, na kabla ya Jumapili mji mzima uliyajua maneno hayo.

Kandida alikwenda Ifwagi kama alivyokuwa amesema, ingawa halikubaki la kuuliza. Mama yao alimweleza hata hivyo. Alikuwapo siku benchi lilipoingia, na ndiye aliyezipaka nta zile kabari, akizipokea moja moja kutoka mkononi mwa mumewe.

Mashine haikuwa na kosa lolote, nataka mlielewe hilo. Ilifanya kazi miaka mingi na iliwalisha. Fokas angeweza kuranda ubao mwingine wa mninga, mzuri kuliko ule, akauweka mahali pake. Hakufanya hivyo. Aliunga vile vipande kwa gundi akaurudisha uleule, na ufa unaonekana mpaka leo ukipita barabara ile. Wageni humuuliza kwa nini fundi kama yeye anaacha ufa mlangoni, naye huwaambia wakauangalie upande wa kulia.

Mimi methali hiyo niliichukia muda mrefu. Iliniharibia kazi. Nilikuwa nikiita bei, watu wako tayari, mara mmoja anasema "mnadani hakuna mlango", na nusu ya wanunuzi wanarudi kwanza makwao kuchungulia. Wengine hawakurudi tena.

Sasa siuzi kitu, kwa hiyo naweza kuwaambia. Kachukueni mashine yenu ya Makambako mkitaka. Lakini kwanza rudini kwenye chumba mlichopanga, mkautazame mlango, na msiishie kuupima. Mtafuteni aliyeujenga, na kama yungali hai, muulizeni. Fokas alikuwa na mama aliyejua jibu, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka pale alipokuwa ameshika nyundo. Mnadani hakuna mlango.