Pimbi na Majani ya Msiba Kwenye Mataa

Paukwa!

— Pakawa!

Hao ni wa mbele. Wa nyuma vipi, mko foleni? Paukwa tena.

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na njia.

Ilikwenda wapi?

— Haikwenda, ilisimama.

Basi mnaijua. Kaeni vizuri. Na mwenye kicheko chake akitoe mapema, maana huko mbele sijui kama atapata pa kukiweka.

Hapo zamani, zamani ambayo wala si ya mbali, wanyama walichoka kugongana kwenye njia panda. Wakakaa kikao, wakakubaliana kusimika mataa. Nyekundu, simama. Njano, jiandae. Kijani, nenda. Hata Konokono alielewa siku ya kwanza. Wakachora na mistari chini, zikapatikana njia tatu za kusimama. Ya kulia ni ya wanaokata kulia kwenda hospitali. Ya kati ni ya wanaonyoosha kwenda sokoni. Ya kushoto ni ya wanaokata kushoto kwenda makaburini.

Sasa hospitali kila mtu ana shida nayo. Sokoni kila mtu anakwenda. Lakini makaburini, nani ana haraka? Kwa hiyo njia ya kulia ilijaa, njia ya kati ikajaa, na njia ya kushoto ikabaki tupu asubuhi mpaka jioni.

Kiboko akaiona. Kiboko alikuwa na lori, na kila asubuhi alikuwa anawahi kwenda kuoga kwenye dimbwi lililo nyuma ya hospitali. Kuoga tu, jamani. Alikuja na lori lake, pooo, pooo, akawapita wote kwa njia ya kushoto mpaka mbele kabisa, akasimama kwenye mstari kama mtu anayekwenda makaburini. Taa ikiwa kijani, akachomekea. Alikata kulia mbele ya kila mtu, kwiii! Wa njia ya kati wanakanyaga breki, wa njia ya kulia wanakanyaga breki, na lori lenyewe lilivyo refu, linaziba njia panda yote. Mpaka amalize kujikunja, taa imesharudi nyekundu. Nyekundu walisimama kwa sheria. Kijani walisimama kwa Kiboko.

Walimlalamikia. Nyumbu alimfuata siku moja kwa adabu zote, akamweleza habari ya mistari. Kiboko akamjibu kwamba mistari imechorwa kwa ajili ya wenye miili ya kuingia ndani ya mistari. Walimpigia honi, pii, pii, pii, Kiboko akatoa mkono dirishani akawapungia. Alidhani wanamsalimia.

Katika foleni ile alikuwamo Pimbi. Mnamjua Pimbi, mnyama mdogo, hana mkia, miguu mifupi hata breki anaifikia kwa kujivuta. Alikuwa na bajaji yake kuukuu, tuku-tuku-tuku. Lakini kwa adabu za barabarani, Pimbi hakuwa na mpinzani. Akitaka kulia, anaingia njia ya kulia tangu kule mbali, anawasha taa yake ya kulia, tiki, tiki, tiki, anasubiri. Alifundishwa na mama yake, Bi Nyamizi. Bi Nyamizi alikuwa na msemo wake, kwamba mwenye kujua aendako huchagua njia mapema. Pimbi alikuwa hana baba, hana ndugu, hana mke. Alikuwa na mama na bajaji, na bajaji ilikuwa inakohoa.

Asubuhi moja mama akabanwa na pumu.

Si pumu ya kuchemshiwa majani ikatulia. Ilikuwa pumu ya kuvuta hewa na hewa haiji. Pimbi akambeba, akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika kanga, akaondoka. Tuku-tuku-tuku. Akaingia njia ya kulia tangu kule mbali, akawasha taa yake ya kulia. Tiki, tiki, tiki.

Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye kisima. Taa ikawa nyekundu, wakasimama. Taa ikawa kijani, Kiboko akachomekea, wakasimama. Nyuma ya Kiboko siku hizo walikuwa wameshajifunza Nyati na Fisi, nao wakachomekea kila mmoja kwa zamu yake. Nyekundu, wakasimama. Kijani, wakasimama. Pimbi alisikia mama anavuta pumzi, hiii, kisha kimya, kisha hiii. Akashuka akaomba wa mbele wampishe, akawaambia ana mgonjwa. Wakamwonea huruma kwelikweli, lakini wapishie wapi? Mbele yao gari, nyuma yao gari.

Tena ndugu zangu, hapo Kiboko alikuwa anarudi. Alikuwa amesahau sabuni nyumbani. Alikwenda akaichukua, akazunguka, akaja tena kwa njia ya kushoto, akasimama mbele kwenye mstari, pooo. Pimbi akamtazama akipita. Moyo wake ukafanya kitu ambacho haujawahi kufanya.

Nchi ile walikuwa na desturi. Chombo kikifungwa majani mabichi mbele na nyuma, kimebeba maiti. Kila mtu atakipisha, atazima honi, atavua kofia. Na walikuwa na mwiko uliotoka kwa mababu: ukiwa mbele ya jeneza, wewe ndiye kiongozi wa msiba, utaliongoza mpaka kaburini. Ukilikatia njia, jeneza lijalo linatoka nyumbani kwako.

Pimbi akakata matawi ya mwarobaini kando ya barabara, akayafunga mbele na nyuma ya bajaji. Akainama kwa mama yake.

"Mama," akasema, "jifanye umekufa kidogo."

Bi Nyamizi akafungua jicho moja. "Mimi sijawahi kufa, mwanangu. Sijui kama nitapatia."

"Utapatia. Lala tu. Usipumue kwa nguvu, wasikusikie."

Mama akacheka kidogo, kicheko chenyewe kikaishia kwenye kikohozi. Akavuta kanga mpaka juu ya kichwa. Alikuwa mama, na mwanawe alikuwa amemwomba kitu.

Pimbi akazima taa yake ya kulia. Akatoka njia ya kulia, akaingia ya kushoto.

Barabara ikawa nyingine. Honi zikanyamaza. Wachomekeaji wengine waliokuwa wanapanda kwa kushoto wakabana pembeni. Nyani akavua kofia. Wale wale waliokosa pa kumpishia mgonjwa, maiti walimpatia pa kupita. Bajaji ikapanda taratibu, tuku-tuku-tuku, mpaka nyuma ya lori la Kiboko.

Pimbi akashuka, akaenda dirishani. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini?"

Pimbi akainamisha kichwa. Akamshukuru sana kwa niaba ya wafiwa. Akamwambia hawakutegemea mtu mkubwa kama yeye angejitolea kuongoza msiba wa watu wadogo kama wao, lakini wamemkuta yuko mbele ya jeneza, njia ya kushoto, amesimama kwenye mstari. Mungu amlipe.

Kiboko akatazama kwenye kioo. Akaona majani. Akaona kanga. Jasho likamtoka, akasema yeye anakata kulia, anakwenda kuoga.

"Kata tu, mzee," Pimbi akamwambia kwa upole. "Hakuna atakayekuzuia. Nyumbani mko wangapi?"

Kiboko anaogopa vitu viwili duniani, kukauka na kufa. Akawaza mkewe, akawaza wanawe, akawaza zaidi tumbo lake mwenyewe. Taa ikawa kijani. Kiboko akakata kushoto taratibu, kichwa chini, akiongoza msiba. Na Pimbi nyuma yake akakata kulia. Alichomekea mbele ya njia ya kati, mbele ya njia ya kulia, kwiii! Wote wakakanyaga breki.

Njia ya makaburini ni nyembamba, lori halina pa kugeuzia. Kiboko alikwenda mpaka mwisho. Huko akamkuta Muhanga, mchimba makaburi, ambaye alimpa pole, akamkabidhi sepeto, akamwambia kiongozi wa msiba ndiye anayeanza kuchimba. Kiboko akachimba mpaka adhuhuri, akisubiri jeneza. Haya chekeni. Hapo ndipo pa kuchekea, na ndipo panapoishia.

Pimbi akafika hospitali akiwa anacheka mwenyewe kwa furaha. Getini alikuwapo mlinzi, Ngiri. Ngiri akaona majani, akaona kanga. Akavua kofia, akashusha kamba ya geti mbele ya bajaji.

"Pole sana, ndugu. Marehemu wanaingilia geti la nyuma."

Pimbi akamwambia si marehemu, ni mgonjwa, ni mzima. Ngiri akamshika bega. Alikuwa mlinzi mwenye huruma, tatizo halikuwa huruma.

"Kila mfiwa husema hivyo," akasema.

Pimbi akaanza kung'oa majani. Ngiri akamzuia, akamwambia asimvunjie mama yake heshima. Pimbi akageuka kumwita mama aamke, ajioneshe. Lakini kanga haikusogea, na Pimbi akadhani mama bado anatii, kwa kuwa aliambiwa alale mpaka aambiwe vingine. Nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Akaona kubishana kutamchelewesha. Akazunguka kwenda geti la nyuma, na njia ya geti la nyuma ni ya gari moja moja, na mbele yake walikuwapo watatu, wafiwa wa kweli, hawana haraka.

Alipofika zamu yake, akafunua kanga. "Tumefika, mama. Basi, inatosha."

Bi Nyamizi alikuwa ametulia vile vile alivyoombwa. Alikuwa amepatia.

Pimbi akasimama pale. Hakulia. Alikumbuka alivyomwambia mtu aliyekosa pumzi asipumue kwa nguvu, basi akabaki anakumbuka hilo tu, mara ya kwanza, mara ya kumi. Mganga akatoka, akamshika mama mkono, akaurudisha taratibu chini ya kanga. Akasema wangekuja mapema kidogo, kama robo saa hivi. Robo saa ndiyo ile ya kuzunguka geti.

Alasiri wakampa mama yake akamzike. Pimbi akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika kanga ile ile. Majani yalikuwa bado yamefungwa. Hakuwa na haja ya kufunga mengine.

Sasa mnajua Nyani alivyo. Asubuhi alivua kofia, lakini macho hakuyafumba, na aliona msiba unakata kulia. Akamwambia Fisi. Fisi akamwambia Nyati. Kufikia saa nane habari ilikuwa imeenea nchi nzima, kwamba Pimbi amegundua dawa ya foleni.

Pimbi akazungukia barabara ile ile ya asubuhi, akafika kwenye mataa. Miarobaini yote ya kando ya barabara ilikuwa vijiti vitupu. Magari yote yalikuwa na majani. Nyati alikuwa na majani. Fisi alikuwa na majani, na nyuma amemlaza mkewe chini ya shuka, mkewe anatafuna karanga. Nyumbu, yule mwenye adabu, alikuwa na kitawi kimoja kidogo, anaona aibu. Na njia iliyojaa kupita zote, iliyojaa mpaka huko nyuma kisimani, ilikuwa ile ya kushoto. Wote wamesimama njia ya makaburini, na hakuna hata mmoja anayekwenda makaburini.

Pimbi akasimama nyuma yao. Akawasha taa yake ya kushoto. Tiki, tiki, tiki.

Taa ikawa nyekundu, wakasimama. Taa ikawa kijani, wote wakachomekea kulia kwa pamoja, wakasongamana, wakasimama. Nyekundu, wakasimama. Kijani, wakasimama. Jua likaanza kuinama, na maiti hangoji jua.

Pimbi akashuka. Akatembea pembeni ya magari yote yale mpaka mbele kwenye mstari. Alimkuta Kiboko na lori lake, mikono ina malengelenge ya sepeto. Hakufunga tawi, alikuwa amepandisha mwarobaini mzima na mizizi yake.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Nina msiba, mzee. Naomba unipishe."

Pimbi alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na angeona ni haki yake. Lakini Kiboko hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemtazama mwalimu wake.

"Pole, kijana," akasema. "Hata mimi nimefiwa."

Akapandisha kioo.

Pimbi akarudi kwenye bajaji. Akamrekebishia mama kanga miguuni. Mbele ilikuwa nyekundu, kisha ikawa kijani. Yeye peke yake katika foleni nzima alikuwa kwenye njia yake, na taa yake inawaka upande anaokwenda kweli. Mama yake angempongeza. Nyuma yake mtu akampigia honi, pii, pii, akamwita mwongo.

Hadithi yangu imefika kwenye mataa, na hapo ndipo ilipozima injini. Ikiwa tamu, gawaneni njiani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nimeizoea.

Mafunzo? Mmeyataka wenyewe. Tunajifunza kwamba dereva mwema huchagua njia mapema, huheshimu mistari, wala hachomekei. Tunajifunza kwamba mwenye subira atapishwa, na kwamba taa ya kijani ni ya wote. Nendeni salama. Na ukiona mwenzako amefunga majani, mpishe, huenda ni kweli.

Mimi nimeshafunga yangu.