Bi Magando na Mikoko ya Mtondooni

Paukwa!
Pakawa!
Aliye mbali?
Asogee!
Aliye karibu?
Atege sikio!

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Mtondooni, aliishi kaa mmoja, jina lake Bi Magando. Nyumba yake ilikuwa tundu kwenye tope, chini ya mikoko, na humo alilea wanawe wote.

Siku moja akaja Ngiri, meno yake makali kama mashoka.

"Bibi, hama. Nataka boriti za kujengea nyumba kubwa kupita zote."

"Mikoko hii ndiyo boma letu, bwana. Inazuia bahari isitumeze."

Ngiri akacheka. Akakata, akabeba. Kesho yake akarudi, akakata, akabeba. Siku ya tatu ikabaki mikoko michache tu, na maji makuu ya bamvua ndiyo hayo yanakuja.

Bi Magando akaitazama bahari inavyopanda. Wanawe awapeleke wapi? Lakini hakukimbia. Alipanda juu ya kisiki, akasema:

"Bwana Ngiri, una nguvu kuliko mkoko?"

"Hilo nalo la kuuliza!"

"Basi iliyobaki chukua yote. Ila kwanza simama mahali pa mkoko mmoja tu. Bahari ikija, izuie."

Ngiri akatunisha kifua, akasimama topeni.

Likaja wimbi la kwanza, likamfika magotini. "Ndilo hilo tu?"

Likaja la pili, likamfika kifuani. Akakita kwato topeni.

Likaja la tatu, likamng'oa kama jani kavu.

"Bibi! Nafa! Nafa, bibi!"

"Uma mzizi, usiuachie!"

Ngiri akauma mzizi wa mkoko mpaka maji yakapwa. Nyumba aliyokuwa ameijenga kwa boriti zile ilikuwa imesombwa yote. Akatoka masikio yamelala.

"Bibi, nifanyeje?"

"Panda. Ulipokata mmoja, panda mitatu."

Akafukua tope kwa pua, akapanda. Mikoko ikaota, samaki na kamba wakarudi kuzaliana humo. Wanakijiji wakaweka sharti: hakati mtu boriti mpaka Bi Magando akubali.

Bi Magando akapita mbele yao wote, magando juu! Mpaka leo kaa hutembea ameyainua. Kwa nini asiyainue? Kijiji kilisalimika kwa sababu yake.

Basi ndugu zangu, pwani humlinda anayeilinda. Akataye bila kupanda, bahari amekwisha kuifungulia mlango.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.