Mbavu Zenye Sumu

"Nimesema funga kibanda!"

"Bwana afya, mbavu zangu zina kosa gani?"

"Zina sumu. Unabisha?"

Tusekile hakubisha. Pale sokoni kila muuza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, alijua kwamba pua ya bwana afya huyo, Bwana Mwaisela, hunusa sumu kwenye nyama tamu tu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mbavu za Tusekile, alizozichemsha taratibu kwa tangawizi tangu asubuhi hadi nyama ikaanza kuachia mfupa, kisha akazichoma huku akizipaka mchuzi mzito wa asali, nyanya na ndimu.

"Basi niandikie, baba," alisema kwa unyonge. "Wateja wajue kwa nini nimefunga."

Bwana afya aliandika kwamba nyama ina sumu kali, akagonga muhuri, akabeba sufuria zima.

"Unazipeleka wapi?"

"Maabara."

Maabara yenyewe ilikuwa ofisi yake, na alipofika alijifungia kwa ndani.

Tusekile alikwenda zahanati, akamwonyesha nesi ile karatasi. Waliongozana hadi ofisini, wateja wenye njaa wakiwafuata. Walipogonga, Bwana Mwaisela alifungua huku kidevu kikimng'aa kwa asali, na mezani nyuma yake kulikuwa na mifupa mitupu.

"Pole sana, baba," alisema Tusekile pale mlangoni. "Nesi amekuja na mpira wa kukusafisha tumbo. Aanze, au hii karatasi utaichana mwenyewe?"