Kwa Nini Mrehani Huota Mlangoni

Mnauchuma tu mrehani hapo mlangoni, mnauchezea, hata hamuulizi umetoka wapi. Kaeni basi niwaambie, na anayetaka kusinzia aende ndani.

Enzi hizo mrehani haukuota popote kisiwani ila kwenye shamba la Mkadini, kwa Bi Zayana. Mimi nimekuta magofu tu, lakini bibi yangu alivyoisimulia Mkadini, naiona mpaka leo: jumba la ghorofa lenye baraza pande zote, birika la mawe katikati ya bustani, na milangilangi kando ya kila njia. Kwa harufu ya maua yake ulijua umekaribia kabla hujaona paa. Nikiitaja roho yaniuma.

Bi Zayana alikuwa mkarimu wa chakula, ila mrehani wake hakumpa mtu. Langoni alimweka bawabu, Faki, na wanawake waliopalilia bustani hawakutoka mpaka wakung'ute kanga na kufumua nywele.

Mmoja wao alikuwa Mize, mjane mwenye binti mmoja, Kazija, aliyeposwa aolewe baada ya mfungo. Bi harusi wa kwetu hutolewa na kikuba kifuani, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia. Asumini walikuwa nayo, mrehani hawana. Na upande wa bwana harusi walishaanza kunong'ona kwamba wanaoa nyumba isiyo na kitu. Mize akaona mwanawe atadharauliwa maisha yake yote. Akajikaza, akaenda barazani.

"Bibi, naomba tawi moja tu, la mwanangu."

"Nikikupa wewe, Mize, kesho nitaombwa na kisiwa kizima," Bi Zayana akamjibu, wala hakumkaripia. "Rudi kazini, mama."

Mize akarudi, akapalilia huku analia. Mvua ilikuwa imenyesha na mrehani umekomaa. Mbegu zake zikilowa hushika utelezi kama bamia, basi zikamganda nyayoni pamoja na tope. Langoni Faki akamkagua, hakuona kitu. Mize alipofika kwake akaosha miguu mlangoni kama kila siku, akaingia ndani na huzuni yake.

Mfungo ulipoisha, pale panapomwagika maji ya miguu palikuwa na kichaka. Kazija akatolewa na kikuba kilichojaa, na wenye kunong'ona wakanyamaza.

Bi Zayana alikuwa miongoni mwa waalikwa. Harufu ilipomfikia akasimama, akamtaka Mize aseme ameuiba vipi. Mize akamshika mkono mpaka mlangoni.

"Sikuuiba, Bibi. Nimeosha miguu tu."

Bi Zayana akautazama, kisha akatazama makubadhi yake, safi, hayana hata vumbi. "Nimeishi nao umri wangu wote," akasema, "haujanifuata hata siku moja." Akalia mbele za watu. Alipotulia akachuma tawi, akampachika Kazija kwa mkono wake mwenyewe, na Faki akaambiwa aache lango wazi.

Na tangu siku hiyo mrehani huota mlangoni, penye mtungi wa kuoshea miguu, na mpita njia huchuma bila kuomba. Mimi huenda Mkadini mara mojamoja, nikakaa juu ya mawe. Milangilangi bado ipo, na asumini imepanda mpaka madirishani. Mrehani hakuna hata mche, maana hakuna tena mtu anayerudi kule jioni akaosha miguu.