Migomba Juu ya Kovu

Ndugu zangu, huko milimani kulikuwa na bibi mmoja mwenye kishamba cha migomba nyuma ya nyumba. Mteremko wote ule ni wa kupanda kwa magoti, ila pale palikaa sawa kama kiganja. Watu wa kule, mlima ukiporomoka, hupanda migomba juu ya kovu lake, na tangu siku hiyo halitajwi tena. Wanasema ndiyo heshima kwa waliofukiwa.

Siku moja akaja dada mwenye daftari, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo bibi. Tunaandika kila mahali ardhi ilipowahi kuporomoka katika milima hii, juzi na zamani, watu wajue pa kujenga na pa kukwepa. Hapa kwako je?"

Bibi alitazama migomba. "Hapa? Hapajawahi, mwanangu. Karibu uji."

Dada akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Wiki haikuisha, jirani mwenye mimba ya miezi saba akaja anacheka. "Bibi, tumepata pa kujenga! Pale inapoishia migomba yako, pako sawa, na udongo wake laini. Hata yule dada tumemuuliza, kasema daftari lake halina neno juu ya pale."

Jamani, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Bibi aliacha chungu motoni, akamfuata yule dada mpaka kijiji cha tatu, na miguu yake ile inayouma.

"Andika," akasema huku anahema. "Nilikudanganya. Mlima ulishuka pale, masika, miaka thelathini iliyopita. Binti yangu alikuwa ndani anasuka mkeka. Aliitwa Nakunda."

"Pole, bibi yangu. Lakini daftari hili halina nafasi ya majina."

"Basi andika pembeni."

Akaandika pembeni, kisha akamsomea kwa sauti. Miaka yote hiyo bibi hakuwa amelisikia jina la mwanawe kinywani mwa mtu. Alilia pale pale barabarani, na dada yule akamshika mkono mpaka akatulia. Jirani alipoambiwa, alijenga ng'ambo ya pili ya bonde.

Sisi je? Nani hapa hana migomba yake? Ndoa iliyotuangukia, ulevi uliotufukia, tumepanda majani juu tukaita heshima. Nawapenda, ndiyo maana nasema: penye kovu lako ambalo hujalitaja, mtoto wa mwenzio anapima msingi. Leo atakuja kukuuliza kama pako salama. Tafadhali, usimkaribishe uji.