Kiwanja Kilichofika Mtoni

Nakijwa alipofiwa na mumewe, mahakama ilimpa usimamizi wa mirathi, lakini hati ya kiwanja ilikuwa kwa shemeji yake Elinisafi, tajiri mwenye mashine ya kusaga hapo jirani. Kila alipoiomba, shemeji alicheka.

"Hati gani, shemeji? Mimi sijawahi kuiona. Chukua watoto urudi kwenu."

Mimi karani wa mahakama nilimwambia bila hati hakuna la kufanya. Mungu anisamehe, nilikuwa nawahi chakula.

"Basi niandikie orodha ya mali za marehemu," akasema. "Kiwanja kimoja, kutoka barabarani mpaka mtoni."

"Mtoni? Si ndipo ilipo mashine ya shemeji yako?"

"Wewe andika, baba. Mwenye kupinga atakuja."

Nikaandika, nikaibandika ubaoni. Siku ya tatu Elinisafi akaingia mbele ya hakimu akihema, nyusi zimejaa unga.

"Mheshimiwa, huyu mama ni mwizi! Kiwanja cha ndugu yangu kinaishia kwenye mfereji. Mtoni ni kwangu!"

"Una uthibitisho?" hakimu akauliza.

"Ninao!" Akachomoa hati kwenye koti, akaibamiza mezani. "Soma mwenyewe!"

Hakimu akaisoma taratibu, pamoja na jina la mwenye kiwanja. "Kweli, kinaishia kwenye mfereji."

"Hapo shemeji ana haki, mheshimiwa," Nakijwa akasema. "Karani, futa huo mto. Hati naomba niondoke nayo."